Ramani ya Kale na Mipaka ya Leo

Asimamaye mjini Morogoro na kuinua macho huiona milima ya Uluguru kama ukuta mmoja. Ramani humwonyesha asichokiona: kwamba safu hiyo ni mbili, ya kaskazini na ya kusini, zilizotengwa na pengo la Bunduki, na kwamba vijito vishukavyo huko huulisha mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa hadi Dar es Salaam.

Miongoni mwa ramani za mwanzo za nchi yetu ni zile za Wajerumani za kipimo cha 1:300,000, zilizoanzwa na Richard Kiepert na kuendelezwa na Paul Sprigade na Max Moisel, zikachapishwa Berlin kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Hazikuchorwa kwa faida yetu, bali kwa faida ya mtawala. Hata hivyo, majina ya mito na vijiji yaliyomo yalitoka vinywani mwa wenyeji. Kwa hiyo ni haki nakala zake zionekane katika shule na maktaba za Morogoro.

Lakini hatuna budi kutahadharisha. Ugomvi wa mpaka uzukapo, asitokee mtu akadhani kwamba ramani hiyo itamwamulia. Katika kipimo hicho sentimita moja ni kilomita 3. Shamba lenye upana wa mita 60 halifiki hata robo ya milimita. Wino wenyewe waweza kulifunika! Ramani hiyo yaweza kushuhudia mto ulikopita, siyo ardhi ya ukoo, ambayo kwa Waluguru hurithiwa upande wa mama na kutunzwa katika kumbukumbu za wazee.

Historia imetufundisha. Waingereza waliitazama miteremko ya Uluguru, wakaamuru matuta bila kuwasikiliza wakulima. Mwaka 1955 watu wa Matombo wakaikataa amri hiyo kwa ghasia.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imevipa vijiji dhamana ya kusimamia ardhi yao. Tunazitaka halmashauri zetu ziwapandishe wapima ardhi mlimani pamoja na wazee, ili mipaka ya vijiji, na ile ya hifadhi ya mazingira asilia iliyotangazwa mwaka 2008, itembelewe kwa miguu na kueleweka kwa kila mkulima. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la ardhi ni ramani. Lakini daftari jema huandikwa mwenye mali akiwapo.