Kisu cha Mnadani

Mwaka 1572, huko Cologne, Braun na Hogenberg walitoa kitabu cha picha za miji ya dunia, na Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala wakaziweka katika ukurasa mmoja. Leo ukurasa huo huuzwa mnadani peke yake, umeshakatwa kitabuni. Kwani kurasa mojamoja aghalabu huleta fedha nyingi kuliko kitabu kizima. Wauzaji hudai kwamba hivyo hata asiye tajiri hupata chake. Apate nini? Maelezo yaliyochapwa nyuma ya picha hugeuziwa ukuta, na kitabu kimekufa. Naye mtu wa pwani atundikaye ukurasa huo ukumbini, akijigamba kuwa Kilwa imerudi nyumbani, ndiye aliyekilipia kisu.