Shujaa Aliyetoroka Hajatukomboa

Riwaya za vijana zinazosawiri kesho iliyooza zina wasomaji wengi, nami si miongoni mwa wanaotaka zipigwe marufuku. Watu wazima wanaolalamika kwamba vitabu hivyo vinawatia vijana huzuni wamesahau kuwa wasomaji hawa waliishi ndani ya janga kabla ya kulikuta kitabuni. Hapa Uganda shule zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa nusunusu, zikafungwa tena Juni 2021, wala hazikufunguliwa kwa wote hadi Januari 2022. Wanafunzi wapatao milioni 15 waliathirika. Riwaya gani itawaogofya hao kwa habari za virusi?

Ugomvi wangu na riwaya hizi ni mwingine: zinauliza swali zuri, kisha zinalikimbia.

Swali lenyewe ni hili: furaha ya jamii inagharimu nini, na anayetozwa ni nani? Zingatieni, wanafunzi wangu, tofauti ya vitenzi viwili, kulipa na kulipishwa. Anayelipa ameamua, anayelipishwa ameamuliwa na wengine. Katika The Giver, riwaya ya Lois Lowry ya mwaka 1993, jamii imejiondolea maumivu, vita, na hata rangi. Lakini kumbukumbu za maumivu hazikufutika. Ametwikwa mtu mmoja, na anayeandaliwa kumrithi ni Jonas, mvulana wa miaka 12. Katika jamii hiyohiyo, pacha mchanga aliye mwepesi kuliko mwenzake hudungwa sindano ya kifo, na mdungaji ni baba yake Jonas, mtu mpole kabisa. Lauren Oliver naye, katika Delirium ya 2011, anabuni serikali iliyotangaza kuwa mapenzi ni ugonjwa, na kila raia afikapo miaka 18 hufanyiwa upasuaji wa kumponya. Utulivu unapatikana. Anayelipishwa haulizwi.

Mpaka hapo nawapigia makofi waandishi. Lakini tazameni miisho. Jonas anapanda baiskeli usiku na kutoroka. Lena wa Delirium anavuka uzio na kuingia porini. Katika The Death Cure ya James Dashner (2011), vijana wenye kinga ya asili wanapitishwa hadi mahali salama, nao ulimwengu uliobaki unaachiwa maradhi yake. Msomaji anafunga kitabu akishangilia, kana kwamba kutoroka na kukomboa ni jambo moja.

Mtanijibu kwamba Jonas alipoondoka, kumbukumbu ziliwarudia watu wote, na kwamba huo ndio uliokuwa mpango. Ni kweli, na ndipo hoja yangu inapopata nguvu. Mpango ule ulimhitaji mtu wa pili: mzee aliyemfundisha Jonas, anayekataa kuondoka ili awasaidie majirani zake kuyabeba maumivu yatakayowaangukia ghafla. Kazi ngumu ya uraia ni yake. Hata hivyo, kurasa za mwisho zinaifuata baiskeli, na mzee anaachwa nyuma pamoja na watu wake.

Mwanafunzi wa kwetu hakuwa na baiskeli ya kumtoa katika mwaka 2020. Alibaki. Wengine walichuuza, wengine wakalima, wengine wakaolewa, na wako ambao hawakurudi darasani kamwe. Sisemi kwamba kufunga shule kulikuwa hila. Virusi vilikuwa vya kweli na viliua. Nasema waliolipishwa usalama wetu hawakushirikishwa katika uamuzi, na wana haki ya kudai hesabu: nani aliamua, kwa ushahidi upi, na nini kimefanywa kuwafidia.

Kwa hiyo kazi ya wiki hii ni kuandika sura isiyomo katika kitabu cha Lowry. Ni asubuhi baada ya Jonas kuondoka. Watu wamekusanyika, mzee amesimama mbele yao, na mwanamke aliyewazaa wale pacha ananyosha mkono kuuliza mtoto wake wa pili yuko wapi.