JIKO LETU: Kinywaji cha Moto kwa Siku za Baridi



Baridi ya Sydney imetufikia. Sisi tuliolelewa Pwani hudhani Australia ni nchi ya jua tu, hadi tulale Julai moja katika nyumba ya matofali isiyo na kipasha joto. Ndio mwezi ambao jirani zetu hufanya karamu za baridi, kule Katoomba, katika Milima ya Buluu, watu husherehekea hata “Krismasi ya Julai.” Na katika karamu hizo haikosi sufuria ya divai nyekundu iliyopashwa moto kwa mdalasini, karafuu na maganda ya machungwa.

Mwaka jana kijana wangu alialikwa kwa mwenzake wa kazini. Akapewa kikombe, akasita. Mwenyeji, kwa nia njema kabisa, akamwambia asihofu, kwani pombe yote imekwisha kutoka kwa moto. Kijana akanywa. Usiku alikuja kuniuliza kama maneno yale ni kweli, nami nikaona haya kwa kuwa sikuwa na jawabu.

Jawabu ninalo sasa. Ni kweli kwamba kileo huchemka kwenye nyuzi 78, kabla ya maji. Lakini kikishachanganyika na maji hakitoki chote kwa mkupuo. Mwaka 1992 wataalamu wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima vyakula vilivyopikwa kwa pombe. Baada ya robo saa ya kutokota, asilimia 40 hivi ya kileo ilikuwa bado imo. Baada ya saa mbili na nusu, asilimia 5. Na ilipotiwa katika kitu kinachochemka kisha kikaepuliwa papo hapo, ilibaki asilimia 85. Tena wapishi wa divai hii huusiana wasiichemshe, wapashe tu, ili kileo kisipotee! Basi kijana wangu alikunywa divai. Hakujua, na Mwenyezi Mungu ni Mwingi wa kusamehe. Lakini sisi wazazi tuwaambie watoto wetu mapema, kabla hawajashikishwa kikombe.

Hata zile chupa ziitwazo “divai isiyo na kileo” huweza kubakiwa na kiasi kidogo, hata nusu ya asilimia. Mimi siziingizi nyumbani.

Hata hivyo, harufu ile iliyomvutia kijana haikuwa ya divai. Ilikuwa ya karafuu na mdalasini, vitu ambavyo bibi zetu wa Unguja na Pemba wamevitia katika chai na pilau tangu zamani. Na tangawizi imetajwa katika Suratul Insan, katika kinywaji cha watu wa Peponi. Nikaanza kujaribu jikoni.

Chemsha vikombe viwili vya maji pamoja na kijiti kimoja cha mdalasini, karafuu sita, iliki nne zilizopondwa na tangawizi ya kadiri ya kidole gumba, kwa dakika kumi. Karafuu usizidishe: zikizidi huleta uchungu na kutia ulimi ganzi, ndiyo maana wazee walizitafuna jino lilipouma. Epua, tia majani ya chai kijiko kimoja, funika dakika nne, kisha chuja. Chai hii ndiyo siri yenyewe, kwani juisi peke yake ni tamu mno, haina ule ukakasi. Mara ya kwanza sikuitia, na wanangu wakasema ni sharubati ya mgonjwa.

Sasa mimina lita moja ya juisi halisi ya zabibu nyekundu, ganda la chungwa lililomenywa jembamba bila ule weupe, na maji ya nusu limau. Rudisha motoni. Ikianza kutoa mvuke, epua. Ikichemka, ladha ya zabibu huharibika. Sukari haihitajiki. Wazee wasiopenda utamu wabaki na kahawa yao chungu ya tangawizi.

Jumamosi ijayo kijana amealikwa tena kwa mwenzake yule yule. Amekwisha kumpigia simu kumweleza, na mwenzake amefurahi. Atakwenda na chupa yetu kubwa ya chai, ile nyekundu ya safari, imejaa, pamoja na kashata za nazi.