JIWE PEKE YAKE HALIWASHI TAA

Wako watu, na baadhi yao ni wasomi wenye dhamana maofisini, walioambukizwa fikra za sinema. Katika Black Panther ya mwaka 2018, nchi ya kubuni ya Wakanda inatajirika kwa jiwe lililoanguka kutoka angani, vibranium, lenye kuhifadhi nguvu zisizo kifani. Watazamaji hushangilia jiwe, wala hawaulizi habari za tanuri.

Mkoa wa Songwe unalo jiwe lake la angani. Kimondo cha Mbozi, kinachokadiriwa kuwa na tani zipatazo 16, ni chuma chenye nikeli. Tangu kianguke hakijawasha hata kibatari. Makaa ya mawe ya Ileje yalitoa umeme pale mgodi wa Kiwira, ulioanza kazi mwaka 1988, ulipowekewa mitambo ya megawati 6. Mitambo iliposimama, makaa yalibaki palepale. Umeme ndio uliotoweka.

Sasa wimbo ni Ngualla. Katika kilima hicho cha Wilaya ya Songwe yamo madini adimu, hasa neodimiamu na praseodimiamu, yanayotengenezewa sumaku za mota za magari ya umeme na za mitambo ya upepo. Madini hayo hayana nguvu yoyote ya kuchimbwa kwa sururu. Thamani yake hupatikana yanapotenganishwa, hatua baada ya hatua, kwa tindikali na kwa mikono ya wanakemia.

Mwezi Aprili 2023 Serikali ilitia saini mkataba na Peak Rare Earths ya Australia, ikapata hisa za asilimia 16. Agosti mwaka huohuo Peak ilikubali kuiuzia makinikia kampuni ya Shenghe ya Uchina. Mwaka 2025 Shenghe ikainunua Peak yenyewe. Basi muuzaji na mnunuzi wamekuwa ndugu wa chungu kimoja! Mwenye asilimia 16 atajuaje bei ya haki, ikiwa bei inapangwa jikoni mwa mwenzake?

Watetezi wa makinikia husema kwamba mtambo wa kutenganisha ni ghali, na wataalamu ni haba. Ni kweli. Lakini uhaba huo hautaondoka kwa kusafirisha magunia. Sheria ya mwaka 2017 ya mamlaka ya nchi juu ya maliasili ilikataza kusafirisha rasilimali ghafi zikaongezewe thamani ng'ambo. Haikutungwa ili ipambe makabati.

Pale Tunduma, ambako kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa mwaka 2019, hupita malori ya shaba na kobalti kutoka Zambia na Kongo yakielekea bandarini. Kobalti hiyo, kwa sehemu kubwa, bado haijakamilika kusafishwa. Afisa wa forodha huhesabu tani, hugonga muhuri, geti likafunguliwa. Je, makinikia ya Ngualla nayo yatagongewa muhuri wa namna hiyo? Na kama sivyo, mtambo wa kuyatenganisha utajengwa wilaya ipi, mwaka gani, na vijana wa kuuendesha wanasomeshwa wapi hivi sasa?