Hisa zikigawanywa, soma rekodi kabla ya kuuza

Mwaka 2007, KCB iligawanya kila hisa yake kuwa 10. Benki ya Equity ikafanya vivyo hivyo mwaka 2009, na thamani ya msingi ya hisa ikashuka kutoka Sh5 hadi senti 50. Shabaha ya hatua kama hii huwa ni kupunguza bei ya hisa moja ili mwenye pesa kidogo naye aweze kununua.

Hata hivyo, mgawanyo wenyewe haumpi mwenye hisa faida wala hasara. Gunia la mahindi likipimwa kwa gorogoro, mahindi hubaki yale yale.

Matatizo huanza kwenye rekodi za akaunti. Chukua mfano wa mkulima aliyenunua hisa 300 kwa Sh150 kila moja, jumla Sh45,000. Hisa zikigawanywa kwa 10, akaunti yake inapaswa kuonyesha hisa 3,000 na gharama ya Sh15 kwa kila hisa. Jumla ni Sh45,000 zile zile. Hisa 2,700 za ziada huingia bila malipo yoyote.

Iwapo bei mpya itaingizwa kabla ya idadi mpya, rekodi itasoma hisa 300 kwa Sh15, yaani Sh4,500 pekee. Mwenye kuingiwa na hofu anaweza kuamua kuuza, akidhani mtaji umezama. Aidha, idadi ikirekebishwa huku bei ya ununuzi ikiachwa Sh150, itaonekana kana kwamba alitumia Sh450,000, na hasara isiyokuwepo itajitokeza.

Mgao wa faida nao husomwa vibaya. Kampuni iliyokuwa ikilipa Sh2 kwa hisa ikilipa senti 20 baada ya mgawanyo, mkulima huyo bado atapokea Sh600 kabla ya kodi.

Kwa hivyo, mwenye hisa ahifadhi hati ya ununuzi na tangazo la kampuni linaloonyesha uwiano na tarehe ya mgawanyo. Azidishe idadi ya zamani kwa uwiano huo, kisha agawanye bei ya zamani kwa uwiano huo huo. Hesabu isipolingana na rekodi, amwandikie wakala wake wa hisa ataka marekebisho, na asitoe agizo la kuuza hadi apate jibu.