Msanii akitaka kwenda pwani, mwacheni aende

Wadau, kuna mchoraji mmoja hapa Kilolo, jina nalihifadhi, kauza simu yake akapanda basi kwenda Bagamoyo. Mtaani sasa ni maneno tu. Eti kachanganyikiwa. Eti kaenda kula bata, si angechora Udzungwa hapa hapa?

Mimi nasema mwacheni. Jamaa kachora milima, ukungu na mianzi ya ulanzi mpaka mkono unajichorea wenyewe. Macho yakishazoea hivyo, hata umnunulie rangi za bei gani, kazi inatoka ile ile.

Irma Stern wa Afrika Kusini alikuwa na jina tayari, lakini 1939 akaenda Zanzibar, na 1945 akarudi tena. Hakupiga picha za kumbukumbu akasepa. Alichora watu wa kule, na baadhi ya michoro akaitia fremu za mbao zilizochongwa kule kule. Mmoja wa 1945, Arab Priest, uliuzwa London mwaka 2011 kwa zaidi ya pauni milioni 3. Sawa, yule alikuwa na hela ya safari. Wa kwetu alikuwa na simu tu.

Ila na wewe bro, usituletee jahazi na machweo ya kwenye kadi za watalii. Chora maji yakikupwa, ngalawa zimelala upande kwenye matope. Chora wakaanga samaki na moshi wao.

Na wewe unayesema kachanganyikiwa, ile picha iliyopo sebuleni kwako alikuchorea yeye. Ulimlipa?