Maabara mbili, majibu mawili: Mgonjwa ashike lipi?

MAMA mmoja wa umri wa miaka 46 alifika katika kliniki yangu mwaka jana akiwa na bahasha mbili za kaki mkononi. Alikuwa amekatwa titi la kushoto kwa sababu ya saratani, na kila bahasha ilikuwa na majibu ya maabara tofauti kuhusu uvimbe ule ule. Ya kwanza ilisema uvimbe hauna vipokezi vya homoni. Ya pili, kutoka hospitali aliyohamia baadaye, ilisema vipo, tena vingi.

"Daktari," aliniuliza, "nishike lipi?"

Nakiri sikuwa na jibu la papo hapo.

Huenda msomaji akadhani haya ni mambo ya wataalamu na darubini zao. La hasha. Saratani ya matiti si ugonjwa mmoja. Seli za uvimbe wa wanawake wengi huwa na vipokezi, yaani mahali ambapo homoni ya kike iitwayo estrojeni hunasa na kuuchochea uvimbe ukue. Mwanamke wa aina hii aweza kupewa tamoksifeni, vidonge vya bei nafuu ambavyo akivimeza kwa miaka mitano hupunguza hatari ya kufa kwa ugonjwa huo kwa karibu thuluthi moja. Asiye na vipokezi, vidonge hivyo havimfai kitu. Kuna pia protini iitwayo HER2. Ikizidi katika uvimbe, mgonjwa huhitaji trastuzumabu, dawa ghali ya kudungwa. Karatasi moja ya maabara ndiyo huamua nani apewe nini, na kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020, wanawake wapatao 6,800 walipatikana na saratani hii humu nchini katika mwaka mmoja.

Wala tusidhani kasoro hii ni ya nchi maskini pekee. Huko Newfoundland, Canada, mwaka 2005 mgonjwa aliyekuwa ameambiwa hana vipokezi alipimwa upya akapatikana navyo. Madaktari wakashtuka. Vipande vya wagonjwa zaidi ya 1,000 waliopimwa tangu 1997 vikarudiwa, na ikabainika kwamba karibu 400 kati yao walikuwa wamepewa majibu yasiyo sahihi. Baadhi walikuwa wamekwisha kufariki bila kuonja dawa ambayo huenda ingaliwasaidia. Serikali ya mkoa huo iliunda tume chini ya Jaji Margaret Cameron, na ripoti yake ya mwaka 2009 ilifichua maabara ambayo haikuwa na utaratibu wa kuaminika wa kujikagua.

Aghalabu kosa huanza hata kabla ya maabara. Kipande cha nyama kikishatolewa mwilini huanza kuharibika. Chafaa kitiwe katika formalini ya asilimia 10 kabla ya saa moja kwisha, na kikae humo kwa muda usiopungua saa sita wala kuzidi saa 72. Kikicheleweshwa, vipokezi hufifia, na maabara yaweza kusema kwa dhati kabisa kwamba havipo.

Nami si mtakatifu. Nilipokuwa daktari kijana katika hospitali moja ya wilaya, niliwahi kutia kipande cha titi katika chupa iliyokuwa na maji ya chumvi kwa sababu formalini ilikuwa imekwisha, nikamkabidhi kaka ya mgonjwa asafiri nacho kwa matatu siku ya Ijumaa. Maabara ilifunguliwa Jumatatu. Sijui majibu yale yalimfanyia nini mama yule, na bado humkumbuka.

Halafu kuna maabara yenyewe. Kioo cha kulinganishia kisipowekwa kando ya kile cha mgonjwa, si rahisi kugundua kwamba dawa za kutia rangi zimepitwa na wakati na rangi haitokei. Hata ikitokea, kuna suala la macho. Seli zenye rangi zikifika asilimia moja tu, vipokezi huhesabiwa kuwa vipo. Anayesoma vioo vya aina hii mara mbili kwa mwezi hawezi kuwa na jicho la anayevisoma kila siku.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka kila hospitali ya kaunti inunue mashine yake ya vipimo hivi. Najua wakubwa wa kaunti hupenda kukata utepe. Lakini kipande kikishahifadhiwa vizuri ndani ya nta hakiozi. Hutiwa katika bahasha na kusafirishwa kwa basi, na hata baada ya miaka chaweza kupimwa tena. Tuwe na maabara chache zinazopima vipande vingi, nazo zishiriki mitihani ya nje, ambapo maabara nyingi hutumiwa vioo vya namna moja na majibu yao kulinganishwa. Uingereza na Denmark zina mipango ya aina hii, na maabara za nchi nyingine hukubaliwa kujiunga. Isiyotaka kufanya mtihani huo isiruhusiwe kuuza kipimo hiki.

Watasema wagonjwa watangoja zaidi. Ni kweli, labda wiki moja au mbili. Mama wa bahasha mbili alingoja miezi saba akiwa na jibu lililotoka upesi.

Kwa bahati, nta yake ilikuwa bado imehifadhiwa. Niliandika barua tukaiomba, ikapelekwa kwa maabara ya tatu inayofanya mitihani ya nje. Vipokezi vilikuwapo. Kwenye fomu ile ya kwanza, sehemu ya kuandika saa kipande kilipokatwa na saa kilipotiwa katika formalini ilikuwa tupu. Siku hizi mgonjwa wangu akienda kupasuliwa, humwambia amwombe daktari wa upasuaji aijaze. Wenzangu wengine hukasirika.